Turubai la Kwenda Namibia

Jumapili, Korogwe. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya mwisho wa masika ambayo hayakulowanishi sawasawa wala hayakuachi mkavu. Nina tope kwenye kucha ambalo limekataa kutoka baada ya kuoga mara tatu. Shavu langu la kushoto bado linawaka. Jana nimepigwa kofi na mama yangu mzazi, mbele ya watu wasiopungua mia.

Nina miaka arobaini na moja.

Shajara, nivumilie leo. Mwili umetulia lakini akili bado haijafika nyumbani, na nikirukaruka usinilaumu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni binti wa kwanza kwetu, na ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na sita nimechora ubaoni jangwa la Kalahari, nimechora Mto Okavango unavyofia mchangani bila kuiona bahari, nimesahihisha madaftari yasiyo na idadi juu ya ukungu wa pwani ya Namibia. Mwaka juzi mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe ulishafika huko?" Darasa zima likaweka kalamu chini kusubiri jibu. Nikawaambia tuendelee na ramani. Ile aibu ndiyo iliyozaa yote haya.

Mdogo wangu Hamza ni fundi magari hapa mjini. Tulinunua kwenye mnada gari chakavu lililokuwa la mradi wa maji, lenye kuvuta tairi zote nne, na kwa mwaka mzima yeye amelifungua na kulifunga upya mpaka likaacha kutoa moshi mweusi. Tumelipa jina la Ajuza. Mpango ni likizo ya mwezi wa sita, siku ishirini na nane: Morogoro, Iringa, Tunduma, tunaivuka Zambia yote mpaka daraja la Kazungula, tunaingia Botswana, na mwisho Namibia, kwenye milima ya mchanga. Tunalala kwenye hema, tunapika wenyewe. Ratiba na ramani ya njia zipo ukutani kwa penseli. Bima ya gari ya kuvuka mipaka ninayo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ninacho. Ninajua wapi dizeli ni ya shida, ninajua Botswana hawaruhusu mtu kuvuka uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo akiwa na nyama mbichi, na ninajua usiku wa Kalahari mwezi wa sita maji huganda kwenye kikombe.

Zimebaki wiki mbili, na mpaka jana asubuhi kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja. Mama alikuwa hajui.

Cheka ukitaka. Lakini kwetu mtu haendi safari ya mbali bila radhi ya mzazi, na mimi pamoja na digrii yangu siendi. Ajuza akigoma katikati ya jangwa na sina radhi ya Mama, Hamza hatashika hata spana. Atakaa chini aniangalie tu.

Na Mama ana sababu zake. Miaka sita iliyopita Baba alitoka kwenye mlango wa nyumba yetu ya kijijini Misima, Handeni, anakwenda Tanga kutibiwa, siku tatu tu. Alirudi amebebwa. Tangu hapo ukimwambia Mama "naondoka kidogo" anakuangalia miguu, kama anayetaka kuikumbuka.

Basi jana Jumamosi tukaenda Misima, mimi na Hamza, tukapakia kila kitu. Nia ilikuwa kufanya mazoezi ya kambi palepale uwanjani kwa Mama, aone kwa macho yake kwamba hatuendi kulala juani na mvuani kama wehu. Akishaona vitu vyenyewe, nilifikiri, moyo wake utalainika.

Hapa inabidi nikuambie habari ya turubai. Hema letu ni dogo, la kulalia tu, kwa hiyo Hamza alitaka kivuli kikubwa cha mchana. Akalipata la mtumba kwa bwana mmoja wa Manundu anayekodisha maturubai ya sherehe na misiba. Lina mistari ya kijani na nyeupe. Lina nguzo zake za chuma. Nilipoliona nilimwambia, "Hamza, sisi tunakwenda Namibia au tunakwenda matanga?" Tukacheka sana.

Ningejua nisingecheka.

Saa tatu asubuhi lilikuwa limesimama, katikati ya uwanja. Chini yake tulipanga viti vya kukunja, madumu manne ya maji, na sufuria. Mama alitoka na kahawa, akazunguka, akagusa kila kitu. Aliuliza jiko linawashwaje. Nikaona hii ndiyo nafasi, nikamweleza yote, nchi kwa nchi.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtu una nyumba, una kitanda na neti, unakwenda kulala porini kwa hiari yako? Mbwa wangu mwenyewe analala barazani."

Nikaanza kumfafanulia. Akasema hapana. Nikafafanua tena, akasema amesema hapana. Na hapo, Shajara, nikafungua mdomo ambao ningeushona kama ningeweza. Nilimwambia: "Mama, mimi si mtoto. Sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuaga."

Akanitazama. Akaniambia, "Basi nenda. Ukirudi ukinikuta, umenikuta." Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba.

Nilikaa kwenye kiti chini ya lile turubai, nikainamisha kichwa kwenye magoti, nikalia kwa sauti. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, naomba niwe mkweli. Wakati huo Bi Mwajuma, jirani yetu wa upande wa chini, alikuwa anapita na jembe begani. Nilipoinua uso nilimwona akisimama. Nilimwona akiangalia turubai, gari la kutoka Korogwe, viti, maji, mimi ninayelia na mlango uliofungwa. Hakunisalimia. Aliteremsha jembe, akafunga kanga yake vizuri kiunoni na kugeuka kurudi alikotoka, anakaribia kukimbia.

Mimi nikafikiri amenionea aibu.

Hamza hapendi machozi. Alisema twende tukamjaribu Ajuza kwenye matope, njia ya kuelekea Kwedizinga, Mama apumue, tukirudi atakuwa ametulia. Turubai tuliliacha limesimama. Nani angeliiba?

Sitaki kuongea sana juu ya yale matope. Ni udongo mweusi, ule unaoshika kama ugali wa moto. Gari la kwenda kuvuka Kalahari lilizama kilomita chache kutoka nyumbani kwa Mama, likalala kwenye tumbo lake. Tulichimba kwa mikono, tukakata matawi, tukaweka jeki ikazama nayo. Simu ya Hamza ilitumbukia. Yangu niliimaliza chaji kwa kupiga picha, maana nilidhani tunatengeneza kumbukumbu. Mfugaji mmoja wa Kimasai alisimama na fimbo yake akatuangalia karibu nusu saa nzima, kisha akauliza kwa upole tunaelekea wapi.

"Namibia," Hamza akamjibu akiwa amepiga magoti topeni.

"Kwa njia hii?"

Alitusaidia kusukuma. Tulitoka saa nane mchana, tumepakwa tope mpaka kwenye nyusi, tukicheka kama watoto. Hasira yangu yote ilikuwa imebaki shimoni. Nilikuwa nimeshapanga: nikifika napiga magoti mlangoni, namwomba Mama msamaha, na tukikosa radhi basi safari naiahirisha. Nilikuwa na amani kabisa.

Karibu na barabara kubwa tukakutana na kijana wa bodaboda niliyewahi kumfundisha. Suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu, na nyuma amebeba koleo. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo Mwalimu. Pole sana. Poleni na msiba." Akamgeukia Hamza. "Kaka, sisi ndiyo tunatoka kule makaburini, nafuata koleo lingine. Tumefika kiunoni. Tumechimba pembeni ya mzee."

Pembeni ya mzee. Pembeni ya Baba.

Sikumuuliza ni nani. Hamza naye hakuuliza. Kuna nini cha kuuliza? Mtu unayemwacha amefunga mlango wa chumba, presha anayo, neno lake la mwisho ni "ukinikuta umenikuta." Kijana akawasha pikipiki, akaondoka.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Naliandika kwa sababu lisipotoka hapa litaniozea ndani.

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa Mama.

Lilikuwa: safari ndiyo basi. Nikaona ratiba yangu ya penseli ukutani, nikaona arobaini inaangukia ndani ya likizo, nikahesabu. Nilihesabu siku, Shajara! Mama yangu wanamchimbia kaburi, na mimi nahesabu siku za likizo. Halafu ndipo kilio kikaja, na kilipokuja kilikuja chote, nikampigapiga Hamza begani nikimwambia akimbize gari na yeye analia haoni barabara. Lakini lile wazo lilitangulia. Lilikuwa fupi kama kufumba jicho, na nililiona. Nimejishangaa mpaka sasa. Mtu unaishi na nafsi yako miaka arobaini na moja unadhani mnafahamiana.

Tulipoingia njia ya nyumbani tukavisikia vilio. Uwanja umejaa. Wanaume wamekaa kwenye magogo upande wa mwembe, wanawake wamejaa chini ya turubai langu la Namibia, moshi wa kuni unapanda, sufuria kubwa tatu juu ya mafiga, na yale madumu yangu manne ya maji yameshafunguliwa. Ajuza alikuwa hajasimama vizuri nikaruka.

Na katikati ya wanawake, kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa, ameshikwa huku na huku, alikuwa Mama. Hai. Analia mpaka sauti imekauka.

Nilisimama. Nikajiuliza: kama Mama yu hai, aliyekufa nani?

Mwanamke mmoja aliinua macho akaniona nimesimama pale, mweusi kwa tope toka kichwani, akapiga ukelele ambao nitausikia mpaka kaburini. Viti vikaanguka. Wengine wakakimbilia nyuma ya nyumba. Shehe alisimama na tasbihi yake, akabaki mdomo wazi. Mama akafunua kanga. Akaniangalia. Akainuka peke yake, akawatoa mikono waliomshika, akaja polepole mpaka mbele yangu, akanipapasa uso, pua, masikio, kama anayechagua papai sokoni. Kisha akanizaba kofi moja ambalo lilifika mpaka Handeni mjini.

Halafu akanikumbatia. Hamza naye alipofika, alipata lake, na kumbatio lake.

Nadhani umeshaelewa. Mimi ilinichukua muda. Bi Mwajuma aliona turubai la msiba, viti, maji na binti wa kwanza analia, akaenda kuwapa watu taarifa kwamba kwa mama Hamza kumeharibika. Hakusema nani, kwa kuwa hakumjua. Na kwetu huulizi. Huendi kwenye msiba wa mtu ukauliza "kwani nani kafa?" kama unauliza bei. Unajitwisha kuni na unga, unaingia, unalia, unakaa, na habari itakufikia hapo ulipokaa. Basi wakaja, wakalia. Walioenda moja kwa moja makaburini waliamini ni Mama. Na Mama mwenyewe, aliyekuwa amelala kwa hasira zake, akaamshwa na vilio, akafungua mlango akakuta uwanja umejaa watu na gari halipo.

Waliokuwa uwanjani walipomwona yuko mzima wakasema moyoni: kumbe ni watoto. Na yeye alipowaona wanamlilia akasema: ni watoto wangu. Hakuuliza. Akaanguka palepale mlangoni. Kwa zaidi ya saa mbili mama yangu aliamini kwamba mimi na Hamza tumekufa na Ajuza, wote wawili, njiani.

Watu mia, na hakuna aliyeuliza.

Bi Mwajuma alikuwa amejikunyata pembeni, anasubiri kulaumiwa. Nani wa kumlaumu? Mimi ndiye niliyesimika turubai la matanga uwanjani kwa mjane. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba shehe, nikawaomba waliochimba. Likabaki suala la kaburi. Wazee walibishana kidogo: shehe akasema lifukiwe tu kwa udongo, wengine wakasema kaburi likishafunguka haliachwi tupu, litaita mtu wa kulijaza. Mwisho walikata mgomba wakaulaza mle, na shehe akageuza uso kama asiyeona. Mzee Mihayo, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kukata mkonge Mazinde, na kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazigua, alijitupa kwenye lile shimo kabla ya mgomba, akalala chali, akasema hatoki mpaka Wazigua wamletee jogoo, kwani hajawahi kuona kabila linalochimba kaburi bila maiti, na kama tumekosa mtu wa kuzika si tungewaazima Wanyamwezi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akapewa jogoo wake. Chakula cha msiba kilikuwa kimeiva, kikaliwa. Sijawahi kula maharage matamu vile, nasema kweli.

Jioni, kabla ya magharibi, watu walipotawanyika, tulikaa mimi na Mama chini ya lile turubai. Hamza anaosha gari. Nilimwambia Mama nimeifuta safari. Yeye alikuwa anafuta tope kwenye mkono wangu kwa ncha ya kanga, kidole kwa kidole.

Baadaye akaniuliza, "Ulipoambiwa kuna msiba, wewe uliwaza nini kwanza?"

Nilidhani ameona ndani.

"Mimi nitakuambia langu," akasema. "Nilipofungua mlango nikaona watu, kabla sijaanguka, kabla sijalia, niliwaza: si niliwaambia! Hilo ndilo la kwanza. Watoto wangu wamekufa, na mimi nafurahi kwamba niliwaambia." Akatikisa kichwa. "Nimelilia hilo kuliko nilivyowalilia nyinyi. Saa mbili nzima. Nikasema, Mungu, nirudishie niwaruhusu tu."

Sikuwa na pa kuweka uso. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kusema amekosea, hata chumvi ikizidi. Na amelitoa lake, zito vile, ameliweka mbele yangu.

"Sasa wewe?"

Nikamwambia, "Niliwaza wewe tu, Mama."

Akaachia mkono wangu.

"Mwongo."

Akainuka, akakung'uta kanga. Nilidhani ndiyo basi, nimeharibu tena. Lakini alifika mlangoni akageuka, uleule mlango wa Baba, akaniambia: "Nendeni na Mungu wenu. Radhi nimewapa, wewe na mwenzio na hilo ligari. Lakini hilo neno lako halisi nalitaka. Utaniletea mwenyewe, kwa mdomo wako, ukirudi."

Leo nimeketi mbele ya ramani ya penseli tangu asubuhi. Nimegusa Tunduma, nimegusa Kazungula, nimegusa mchanga. Zamani mstari wangu uliishia Namibia; njia ya kurudi sikuwahi kuichora, niliona ni ileile tu. Leo nimechukua penseli, nikachora mpaka Misima, mpaka mlangoni. Turubai Hamza amelirudisha kwa aliyetuuzia huko Manundu. Kivuli tutatafuta cha rangi nyingine.

Ninaogopa sasa kuliko nilivyoogopa jana. Mama ana presha, na mimi nina deni la neno moja baya ambalo ni yeye tu anayelidai. Je, nikilisema ataninyang'anya radhi yake, au atacheka? Sijui. Ninajua tu kwamba lazima nirudi, na lazima nimkute.